Miguu Inawaka: Kisa cha Usingizi, Usahaulifu na Dawa Mbili za Kichina

Mgonjwa na mahali

Kisa hiki kilitokea kusini mwa China, miaka michache kabla ya korona, katika hospitali ya tiba ya jadi iliyokuwa jirani na chuo kikuu. Majina ya mji, chuo na hospitali nimeyaacha. Umri na fani ya mgonjwa nimevisogeza kidogo, na mwenyewe ameruhusu kisa chake kisimuliwe kwa ajili ya kufundishia. Jina sitampa hata la bandia. Nitamwita dada, kama nilivyomwita wakati ule. Yeye aliniita mdogo wangu.

Dada alikuwa Mtanzania wa miaka arobaini na kidogo, mhadhiri aliyekwenda kusomea uzamivu, akiwa mwaka wa pili. Nyumbani aliacha mume na watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha nne. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa tiba mwaka wa nne, ndiyo kwanza naanza kuzungushwa wodini, na Kichina changu kilitosha kuwaringia waliofika jana. Kwa hiyo Watanzania wa pale wakiumwa walinipigia simu niwasindikize hospitali. Malipo yalikuwa sahani ya pilau.

Shida yake ilikuwa na miezi minane. Analala saa nne, ikifika saa nane usiku macho kodo mpaka alfajiri. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu asijue umesema nini. Majina ya wanafunzi wenzake yanampotea akiwa anawatazama usoni. Kilichomleta hospitali hasa ni sufuria ya maharage iliyoungua bwenini mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya pili kengele ya moto ililia, ghorofa saba nzima zikateremka uwanjani na makoti juu ya nguo za kulalia. "Mdogo wangu," aliniambia, "nimekuwa bibi kabla ya siku zangu."

Vidonge vya usingizi hakuvitaka, aliogopa kuvizoea. Mchina mmoja wa maabara yao ndiye aliyemshauri ajaribu tiba ya jadi.

Ziara ya kwanza

Tabibu alikuwa mzee wa makamo ya babu, mwenye sauti ya chini na wanafunzi wawili pembeni wanaoandika kila anachotamka. Foleni nje ya mlango ilikuwa ndefu. Dada aliweka mkono juu ya kimto kidogo, mzee akamgusa kwa vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, macho yakiwa yamefumbwa. Akasema mapigo ni membamba na ya haraka. Akamwomba atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mwekundu uliokolea, karibu na rangi tunayoiita damu ya mzee.

Yakaja maswali. Nayaandika hapa kama yalivyokwenda, kwa sababu kisa chote kimo humu.

Mzee aliuliza usiku anahisi nini. Dada akajibu: "Miguu inawaka, haitulii." Mimi nikatafsiri kwa msemo wa kitabuni niliokuwa nimeukariri wiki ile ile kwa mtihani, unaomaanisha joto katikati ya nyayo. Mzee aliinua kichwa, wanafunzi wakaandika.

Akauliza kuhusu moyo. Dada: "Unanienda mbio, hasa nikipanda ngazi." Nikatafsiri kwamba moyo unamwenda mbio. Ngazi zilibaki kwangu.

Akauliza hedhi ikoje. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naye ni sawa na dada yangu wa kwanza. Nikainamisha kichwa nikamuuliza: "Siku zako ziko sawa?" Akajibu upesi, naye akitazama ukutani: "Ziko sawa." Nikasema kwa Kichina, ni ya kawaida.

Dakika nane, tukatoka na karatasi ya dawa.

Dawa aliyopewa, na kwa nini

Aliandikiwa Tian Wang Bu Xin Dan, yaani donge la Mfalme wa Mbinguni la kuujazia moyo nguvu. Hadithi yake huko China ni kwamba mtawa mmoja alikuwa akifundisha maandiko matakatifu mchana na usiku mpaka akachakaa, mfalme wa mbinguni akamhurumia, akamteremshia dawa. Kwa hiyo tangu zamani ni dawa ya watu wa vitabu: wasomi, watahiniwa, wanaokesha na taa.

Katika tiba hiyo moyo ndio nyumba ya shen, ile nuru ya ndani inayokumbuka, inayotambua na inayotakiwa itulie ili mtu alale. Mswahili halioni hilo kuwa geni. Sisi nasi anayehifadhi Qur'ani anahifadhi moyoni, na neno baya linatukaa moyoni wala si kichwani. Donge hili linakusudiwa mtu ambaye yin yake imepungua, yaani ule upande wa baridi na unyevu unaotuliza moto wa mwili. Dalili zake vitabuni: kukosa usingizi, kusahau, moyo kwenda mbio, joto la viganja na nyayo, ulimi mwekundu wenye utando haba, mapigo membamba ya haraka.

Ukilinganisha orodha hiyo na kile mzee alichokiona na kukisikia, karibu hakuna kilichokosekana. Kwa taarifa alizopewa, aliandika sawasawa.

Kiungo kikubwa ni mzizi wa rehmania, mweusi, wenye utelezi na utamu mzito, unaozidi vingine vyote kwa uzito. Kisha vinafuata vingine zaidi ya kumi: mizizi ya kuleta unyevu, jinsengi, mizizi ya danshen na dang gui, matunda ya wu wei zi, na mbegu mbili za kutuliza. Mojawapo ni suan zao ren, mbegu ya mti wa jamii moja na mkunazi wetu. Zote husagwa na kusokotwa kwa asali. Kwa jadi donge lilifunikwa kwa zhusha, unga mwekundu wa madini ambao kikemia ni salfaidi ya zebaki. Kuna matoleo ya leo ambayo bado yana zhusha, na mengine hayana. Nitarudi kwenye hilo.

Dada alipewa maboksi sita ya madonge kumi kumi, dozi ya mwezi, moja asubuhi na moja jioni. Kila donge lilikuwa ndani ya gamba la duara kama yai dogo. Unalibonyeza, linapasuka, ndani kuna karatasi laini, na ndani ya karatasi kitu cheusi kinachong'aa, kikubwa kuliko gololi. Hakimezeki. Unakikata vipande kwa kidole kama ubani, unatafuna. Ladha ni tamu ya shira iliyoungua, halafu uchungu unakuja nyuma.

Wiki tatu

Siku nne za kwanza alilala. Alinitumia ujumbe wa furaha nami nikajiona daktari kamili. Wiki ya pili usingizi ukarudi kule kule, na tumbo likaanza: gesi, kujaa, choo laini mara tatu kwa siku, hamu ya chakula imekatika. Rehmania ina sifa hiyo kwa mtu ambaye tumbo lake ni dhaifu, na wanafunzi wa tiba hii hufundishwa mapema. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Nilimwambia avumilie, dawa za mitishamba huchelewa. Hilo halikuwa katika somo lolote. Ni maneno ya mtaani niliyoyabeba kutoka nyumbani.

Siku ya ishirini na moja lifti ya bweni iliharibika. Dada alikuwa anakaa ghorofa ya tano. Alifika ya tatu akaketi kwenye ngazi, mfuko wa mboga mapajani, hawezi kuinuka. Aliyemkuta pale ni Mzanzibari mmoja, nesi aliyekuwa akisoma shahada ya pili. Nesi hakuuliza mengi. Alimshusha kope la chini kwa kidole gumba, akaona kweupe ambapo pangekuwa na wekundu. Akafungua kiganja, mistari nayo imepauka. Ndipo akauliza, sauti ya chini, wawili peke yao ngazini: "Dada, ukiwa kwenye siku zako, pedi ngapi kwa siku?"

Kumi, kumi na mbili. Mabonge. Siku nane. Usiku anatandika taulo. Tangu mwaka na zaidi, na mwezi ule ilizidi.

Alijua kwamba damu imepungua. Kila jioni alichemsha choya, maua makavu aliyopelekewa kutoka Dodoma, akanywa vikombe viwili vya kuongeza damu. Asubuhi ya ziara ya kwanza alikunywa kimoja kabla ya kutoka.

Ziara ya pili

Walirudi kwa tabibu yule yule, mkalimani akiwa nesi. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Kichina cha nesi kilikuwa kibovu kuliko changu, alitumia vidole na karatasi, lakini walikaa mle ndani karibu dakika ishirini na tano.

Safari hii hakuwa amekunywa choya, ambayo huutia ulimi wekundu. Ulimi ulikuwa umepauka, mnene, una alama za meno pembezoni. Kwa macho ya tiba ya Kichina huo ni ulimi wa mtu mwingine kabisa: moyo na wengu vimeishiwa, wengu haushiki damu. Mzee aliuangalia, kisha akaifungua karatasi yake ya kwanza akaisoma tena polepole. Nesi aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipouliza maana ya kuwaka, na nesi akamwonyesha kwa vidole vinavyotambaa juu ya goti, kama siafu, halafu akatikisa mguu kuonyesha kwamba ukiutikisa inapungua.

Hakuandika mitishamba kwanza. Aliandika kipimo cha damu, na maabara ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo. Hemoglobini ilirudi 7.8, wakati kwa mwanamke wa umri ule tunataka 12 na kuendelea. Feritini, akiba ya madini ya chuma mwilini, ilikuwa 5, yaani ghala tupu. Akapelekwa kwa daktari wa wanawake, ultrasaundi ikaonyesha fibroidi tatu kwenye kizazi, kubwa yao kama sentimita 5.

Maamuzi yalikuwa haya. Donge la Mfalme lisimamishwe siku ile ile. Vidonge vya madini ya chuma vianze, visinywewe pamoja na chai. Daktari wa wanawake alitoa dawa ya kupunguza utokaji wa damu kwa siku za hedhi, na upasuaji ukapangwa usubiri mpaka damu ipande na likizo ifike. Kuongezewa damu kulijadiliwa kukaachwa, kwa kuwa shinikizo lilikuwa zuri na hakuwa anavuja siku hiyo. Mzee naye akaandika Gui Pi Tang kwa wiki nane, ikichemshwa na famasi ya hospitali na kufungwa kwenye vifuko, inywewe mbali na kidonge cha chuma kwa saa mbili.

Gui Pi Tang inahitaji maelezo. Yan Yonghe, tabibu wa enzi ya Song, aliichapisha mwaka 1253 kwa ajili ya watu waliofikiri kupita kiasi mpaka wakasahau na moyo ukawadunda. Karne kadhaa baadaye, enzi ya Ming, tabibu Xue Ji aliongeza mizizi ya dang gui na yuan zhi, na matumizi yakapanuka hadi kwenye damu isiyoshikika, ikiwemo hedhi nzito. Ina mizizi ya huang qi, jinsengi na bai zhu, kuvu ya fu ling, nyama ya tunda la longani, ile ile mbegu ya jamaa wa mkunazi, mzizi wa mu xiang wa kuzuia tumbo lisijae, urukususu, tangawizi na tende za Kichina.

Kwa hiyo orodha moja ya dalili inabeba kusahau, kukosa usingizi, uchovu, weupe wa uso na kutoka damu nyingi. Watu wale hawakuwa na mashine ya hemoglobini. Lakini mwanamke kama dada walimwona, tena mara nyingi, kiasi cha kujua kwamba mambo hayo hutembea pamoja.

Matokeo

Miguu ilitulia ndani ya wiki mbili. Tumbo lilitulia mapema zaidi, katika siku sita au saba. Wiki ya nne hemoglobini ilifika 9.9, wiki ya kumi na mbili 11.6. Usingizi ulirudi kidogo kidogo kuanzia wiki ya tatu. Kusahau kulichukua muda mrefu zaidi. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anasoma makala nzima bila kurudia aya. Fibroidi zilitolewa baada ya miezi mitano, katika mji ule ule, salama. Uzamivu aliumaliza kwa kuchelewa muhula mmoja.

Uchambuzi

Naanza na langu. Sentensi ya dada ilikuwa na maneno matatu, miguu, inawaka, haitulii, na nililolitupa ndilo lililokuwa na ugonjwa. Miguu isiyotulia usiku, inayopata nafuu ukiisogeza, ni tatizo linalojulikana, na upungufu wa madini ya chuma ni mojawapo ya sababu zake kuu. "Inawaka" peke yake ilinielekeza kwenye msemo niliokuwa nao tayari kichwani. Mkalimani aliyesoma tiba kidogo ni hatari kuliko asiyeisoma, maana asiyeisoma angesema alichosikia. Nesi hakuwa na msemo wa kitabuni, ndiyo maana alitumia vidole, na vidole vilisema kweli.

Ngazi nazo. Moyo unaodunda kitandani na moyo unaodunda ngazini ni mioyo miwili tofauti kwa tabibu yeyote, wa jadi au wa hospitali.

Swali la hedhi liliulizwa, hilo lazima nimtendee haki mzee. Nililigeuza kuwa swali la adabu. "Ziko sawa?" ni kama "hujambo?", jibu lake limeshaandikwa. Na dada hakusema uongo: siku zake zilikuja kwa tarehe, hazikuruka hata mwezi. Mimi nilisikia wingi, yeye alijibu kalenda. Idadi ya pedi, mabonge, taulo la usiku: maswali hayo hayana njia ya kujibiwa kwa adabu tupu. Leo, nikiwa kazini, nikiona mwanamke anapata shida kuniambia, namwita nesi wa kike na mimi natoka nje. Haichukui hata dakika tano.

Choya ni jambo ambalo watabibu wa Kichina hulionya kila siku: usile wala kunywa kitu cha rangi kabla ya kuonyesha ulimi. Wagonjwa wao wanajua. Sisi hatukujua, na maua yale hatukuyaona kuwa dawa ya kumtajia tabibu, ilikuwa juisi tu. Pia mzee alizoea kusoma upungufu wa damu kwenye nyuso za Wachina, zinazopauka na kuwa za manjano. Uso wa dada haukumpa habari hiyo. Kope la chini lingempa, na halikuguswa. Yale mapigo membamba ya haraka, ambayo mtu mwenye damu 7.8 huwa nayo mara nyingi, yalikwenda upande wa orodha ambao ulimi mwekundu ulikuwa umeshauchagua.

Kwa upande wa mzee nina lawama moja tu, kwamba maabara ilikuwa chini ya miguu yake na hakuitumia mara ya kwanza. Miezi minane ya kukosa usingizi na kusahau, kwa mwanamke wa umri ule, ilistahili kipimo cha damu kabla ya dawa yoyote, iwe ya mfalme wa mbinguni au ya kiwandani. Lakini mara ya pili alifanya jambo ambalo nimeona madaktari wakubwa wakishindwa kulifanya: alisoma upya karatasi yake mwenyewe mbele ya wanafunzi wake, akaifuta.

Je, donge la kwanza lilimdhuru? Tumbo, ndiyo. Hedhi ya mwezi ule iliyozidi, siwezi kusema. Danshen huhesabiwa katika dawa za kuitembeza damu, na kumpa mtu mwenye fibroidi zinazovuja bila kujua ni kucheza gizani. Lakini hedhi yake ilikuwa ikizidi mwezi hadi mwezi hata kabla.

Na Gui Pi Tang ilisaidia? Hapa nilibishana na yule mzee tabibu, kwa heshima. Hoja yake ilikuwa tumbo: hamu ya chakula na choo vilirudi ndani ya wiki, kabla chuma hakijafanya kazi yoyote, na chuma chenyewe kawaida hulisumbua tumbo. Hoja yangu ni kwamba rehmania iliondolewa siku ile ile, na tumbo lililoachiwa mzigo hupona lenyewe. Kuhusu usingizi na kumbukumbu, chuma kilianza, damu ikapunguzwa, Gui Pi ikaanza, na dada akaacha kuogopa kwamba anapoteza akili, yote ndani ya siku tatu. Huwezi kuyatenganisha. Ninavyoona mimi chuma kilibeba sehemu kubwa, kwa sababu miguu na hemoglobini vilipanda ngazi pamoja. Hakuna kiungo ndani ya Gui Pi kinachoweza kushika nafasi ya kidonge cha chuma kwa mtu mwenye feritini 5, na mzee mwenyewe hakudai hivyo.

Madonge yaliyobaki

Mtu akiniuliza leo kama kuna dawa ya Kichina ya kumbukumbu, namuuliza kumbukumbu ya nani, na ulimi wake ukoje. Dada naye alikuwa na wazo lake. Madonge arobaini na mawili alikuwa ameyatumia, yakabaki kumi na manane, na mwanawe alikuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne. Dawa ya wasomi, si ndiyo?

Nilichukua boksi nikasoma mstari wa viungo mpaka mwisho. Zhusha ilikuwemo, ya mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Zebaki kwa mtoto wa miaka kumi na sita ambaye hana ugonjwa wowote ila hesabu. Madonge manane niliyapeleka mwenyewe famasi ya hospitali. Boksi zima la kumi lilikuwa limeshaondoka na mtu aliyerudi nyumbani wiki iliyotangulia. Dada alimpigia mumewe mbele yangu. Akasema lipo juu ya kabati, halijafunguliwa. Kijana alilinusa tu, akasema afadhali afeli.